Dawa Kwenye Kabati la Tepu

Melkiori hakuwa mtu wa kuchekesha, na mimi niliyefanya kazi chini yake miaka mingi sitamsingizia ucheshi leo kwa kuwa hayupo kunisikia. Alikuwa mtu aliyechoka. Asubuhi aliingia kazini amechoka, mchana alikula ndizi zake za kuchemsha juu ya meza iliyojaa makaratasi akiwa amechoka, na jioni alimkabidhi askari ufunguo kwa mkono uliolegea kama nguo iliyoanikwa. Alikuwa Mchaga wa Kibosho, lakini wa ajabu, maana biashara hakuijua hata kidogo. Wenzake wa kwao walikuwa na maduka Kariakoo nzima, yeye alikuwa na penseli sikioni. Tulimtania sana kwa hilo. Hakukasirika, wala hakucheka.

Alikuwa mkuu wa kikundi cha waandishi wa programu katika kituo kimoja cha kompyuta kilichokuwa karibu na Mnazi Mmoja, jengo la ghorofa mbili lisilo na kibao. Kazi zetu nyingi zilikuwa za jeshi: buti, mahema, vipuri vya magari, matairi. Jirani zetu hawakujua. Ukiulizwa ulijibu kwamba unafanya kazi ya mahesabu, basi, na aliyeendelea kuuliza ulimkaribisha chai ili anyamaze. Mimi Zamzam, mtoto wa Lindi, niliajiriwa pale kutoboa kadi, na Melkiori ndiye aliyenifundisha mpaka nami nikawa naandika programu. Halafu kwa bahati tulikuwa tumepanga nyumba zinazotazamana, mtaa wa Narung'ombe, kwa hiyo nilimjua kazini na nilimjua kwake. Mkewe, Celina, tulimwita Mama Agnesi kwa jina la binti yao.

Kwa ambao hawakuziona mashine zile, kompyuta yetu ilijaza chumba kizima. Ilisoma kadi ngumu zilizotobolewa matundu, na ilihifadhi mambo yake kwenye tepu kubwa kama sahani za pilau. Mashine mpya zilikuwa zimepigwa marufuku kuingia nchini, kwa hiyo ile kuukuu tuliitunza kama mgonjwa. Joto la Dar lilikuwa adui yake. Kadi zikipata unyevu zilivimba na kukwama, tepu zikipata joto ziliharibika. Ndiyo maana chumba kilikuwa na viyoyozi vyake na jenereta yake, na umeme wa mji ukikatika, humo ndani baridi iliendelea kama kawaida.

Sasa mwambie mtu wa Dar kwamba kuna chumba chenye baridi mwaka mzima, halafu umkataze kukitumia. Friji wakati huo ilikuwa kitu cha watu wa Upanga. Sisi wa Kariakoo na Magomeni tulinunua samaki wa kula leo, wa kesho tulimwachia Mungu. Basi watu wakaanza kidogo kidogo. Leo pakiti ya maziwa, kesho nyanya, keshokutwa nusu kilo ya nyama nyuma ya tepu za mwaka juzi. Ikafika Ijumaa moja mtu akaficha samaki wake aina ya changu kwenye gazeti, akaondoka akamsahau. Jumatatu Melkiori alifungua kabati, akasimama pale, mkono puani.

Miaka ile mkubwa akimfokea mfanyakazi aliitwa mbele ya kamati, akaulizwa kama anadhani bado tuko chini ya mkoloni. Kwa hiyo Melkiori hakumfokea mtu. Aliandika karatasi: hakuna kitu cha nje kitakachoingia chumba cha mashine, chakula, kinywaji, mkoba, wala dawa. Alitia saini, na Ndugu Sadalla, afisa usalama wa kituo, akagonga muhuri. Karatasi ikabandikwa mlangoni, na kuanzia siku hiyo Melkiori aliifuata kama sala. Mimi mwenyewe alinirudisha nyumbani kwa ajili ya embe dodo lililokuwa ndani ya kikapu changu. Nilimnunia siku nyingi. Kila jioni alipita mbele ya kibaraza chetu, akaniamkia kama hakuna lililotokea.

Vita vya Kagera vilipoanza, kituo kilipewa kazi ya malori. Malori ya mashirika, ya serikali, ya wafanyabiashara, yalichukuliwa kila mahali, na hakuna aliyejua kwa hakika lipi liko wapi. Matairi yalifika Mwanza wakati malori yanayovaa matairi hayo yalikuwa yamelala Shinyanga. Sisi tulitakiwa kuandika programu itakayolijua kila lori, uzito linaobeba na vipuri vyake, kisha ipange lipi libebe nini na lipite wapi. Maafisa wa jeshi walikuwa wakija asubuhi na mapema, wanasimama mlangoni, wanauliza neno moja tu: "Bado?" Melkiori aliwajibu, "Bado, ndugu," na waliporudi kesho yake aliwajibu hivyo hivyo.

Alikuwa na namna yake ya kuongoza kazi ambayo sijaiona kwingine. Alikataa programu yoyote iende kwenye kadi kabla haijasomwa kwa sauti. Tuliketi kuzunguka meza, mwandishi akasoma mstari mmoja mmoja, na sisi wengine tukawa mashine. Mimi nilikuwa bohari la Mwanza, mwenzangu bohari la Tabora, na vizibo vya soda vilikuwa malori. Mstari ukisema lori liende Mwanza, kizibo kilisukumwa kwangu. Kizibo kikibaki katikati ya meza hakina pa kwenda, programu ilikuwa na kosa, na tulirudi mwanzo. Mtu wa nje angetuona angedhani watu wazima wamerukwa na akili.

Tena hakuna programu iliyoandikwa jina la mtu. Zote zilikuwa za kikundi. Ukikosea, Melkiori hakusema umekosea, alisema tumekosea. Ni maneno mazuri kuyasikia, lakini yalimchosha yeye, maana kila kosa la kila mtu lilikwenda kulala kifuani kwake. Wakubwa walipotaka kujua nani kachelewesha, aliwajibu, "Tumechelewa." Walimwona kama mtu anayeficha jambo.

Moyo wa programu ile, yaani sehemu ya kugawa malori, uliandikwa na Kasmir, na sisi wengine hatukuuelewa wote. Kasmir alikuwa kijana mwembamba wa Peramiho, aliyelelewa na mapadri, mpole, lakini mwenye vituko. Alitafuna karanga kwenye vikao. Alikula saa ambazo watu hawali. Kuna siku alikuwa mkali ghafla, jasho linamtoka ndani ya baridi ile, halafu anatoka nje, na akirudi ametulia. Tulimwita mlafi mbele yake, naye alitabasamu.

Siku moja ya Februari, joto la kuchoma lami, tepu ya zamani ilikataa kusomwa. Melkiori akaniita tukatafute nyingine kabatini. Nyuma kabisa ya zile za mwaka juzi mkono wake ukagusa kopo la maziwa ya unga. Alilifungua. Ndani yake mlikuwa na vichupa vidogo na bomba la sindano la kioo, vimefungwa kwenye kitambaa safi. Hakuniuliza mimi. Alikwenda mlangoni akamwita Kasmir, na sijui alijuaje.

"Hii ni nini?"

"Dawa, mzee."

"Ya nani?"

"Yangu. Nina ugonjwa wa sukari. Ndio ulionitoa seminari."

"Na hukusema."

"Ningesema, ningekuwa hapa?"

Alisema kweli. Theophil, aliyekuwa akitunza tepu kabla ya vita, alianguka kifafa siku moja tu, na kesho yake hakuonekana tena kituoni. Ndugu Sadalla alitueleza kwa sauti yake ya chini kwamba mtu asiyeutawala mwili wake hawezi kukabidhiwa siri za jeshi. Hakuna aliyebisha. Kasmir alituambia kwamba nyumbani kwake Magomeni alijaribu kuhifadhi dawa ndani ya mtungi wa maji, lakini joto liliiharibu, akawa kama anajidunga maji matupu siku kadhaa bila kujua, mpaka mama mwenye nyumba akamkuta sakafuni. Mtu mwenye friji wa kumwamini hakuwa naye, na wakati ule wa vita kila mtu alikuwa na masikio. Chumba kile kilikuwa ndicho pekee alichokifahamu ambacho hakipati joto.

Melkiori alimsikiliza akiitazama karatasi yake kwenye kioo cha mlango, kwa upande wa nyuma, maandishi yakionekana kidogo kwenye mwanga. Sheria ni msumeno, na huyu ndiye aliyeunoa mwenyewe. Alilifunga kopo, akalirudisha nyuma ya tepu, ndani zaidi kuliko lilivyokuwa.

"Mgao wa Mwanza bado una kizibo kinachobaki katikati," akamwambia Kasmir. "Nenda ukaushughulikie."

Kasmir alipoondoka akanigeukia. "Zamzam, wewe umeona tepu."

"Nimeona tepu, mzee."

Nimejiuliza mara nyingi kama alifanya vile kwa ajili ya kijana au kwa ajili ya programu. Bila Kasmir malori yasingepangwa, hilo kila mtu alilijua. Lakini nilimwona alivyolifunga lile kopo, taratibu, akikunja kitambaa kilivyokuwa kimekunjwa. Nadhani hata yeye hakujua sababu, alikuwa amechoka mno kujichunguza.

Mambo yaliharibika tulipokaribia kumaliza. Wakubwa wa jeshi walikuwa waje kuiona programu ikifanya kazi, na kabla ya ujio wao Ndugu Sadalla alifanya ukaguzi. Alikuwa mtu nadhifu, suti ya Kaunda iliyopigwa pasi vizuri, hakupaza sauti hata siku moja. Askari wake walitoa tepu zote kabatini, na kopo likawekwa juu ya meza ile ile tuliyokuwa tukisukumia vizibo. Tuliitwa sote. Ilikuwa karibu na saa ya chakula, na ndizi za Melkiori zilikuwa zingali zimefungwa kwenye jani pembeni.

"Hiki kitu cha nani?"

Sote tulitazama meza.

"Nchi iko vitani," akasema Sadalla. "Nakuta vichupa nisivyovijua na sindano ndani ya chumba chenye habari za malori yote ya jeshi. Tone moja la kitu kikali kwenye tepu linatosha. Sitatoka hapa bila mtu."

Mficha maradhi, kilio kitamuumbua, ndivyo nilivyokuwa nawaza, na nilikuwa namtazama Kasmir. Alivuta pumzi ya mtu anayetaka kusema, na kabla hajasema Melkiori akasema, "Changu."

Sadalla alinyosha kidole mlangoni. "Wewe ndiye uliyeandika ile karatasi mlangoni."

"Ndiye mimi."

"Unaumwa nini?"

"Sukari."

"Miaka yote hii hukusema."

"Ningesema, ndugu, ningekuwa hapa?"

Nilihisi baridi ya chumba kile kwa mara ya kwanza. Sadalla alikivuta kichupa karibu, akakigeuza geuza kwenye mwanga, kisha akakisukuma mbele ya Melkiori. Hakuwa mjinga. Alijua kikundi chetu hakitaji majina.

"Kama ni dawa na kama ni yako," akasema, "jidunge nione."

Mpaka leo sijui kwa nini hakuna aliyezungumza. Nadhani sote tulitegemea Melkiori atarudi nyuma, maana ni mtu mzima mwenye mke na mtoto. Hakurudi. Alichukua bomba, akatoboa mfuniko wa kichupa, akaanza kuvuta. Hakujua kipimo. Alivuta taratibu sana, macho kwenye alama za kioo, na dawa ilipofika alama fulani Kasmir akakohoa. Mkono wa Melkiori ukasimama hapo hapo. Alifungua vifungo vya shati. Fulana yake ya ndani ilikuwa imeshonwa kiraka na Mama Agnesi kwa uzi wa rangi nyingine, na aliona haya kidogo, nikamwona akiificha kwa kiganja. Akabana nyama ya tumbo, akajidunga.

"Vizuri," akasema Sadalla. "Sasa tuandike maelezo yako." Akaingia naye ofisini, akafunga mlango.

Kasmir alinivuta mkono mpaka kona. Sijamwona mtu ana hofu vile. "Dada Zamzam, hajala. Mzima akidungwa dawa ile, sukari yake inashuka mpaka anazimika. Asipopata kitu kitamu huenda asiamke." Alikuwa tayari amejaribu kupeleka ndizi. Aligonga mlango, na Sadalla akamwambia asubiri.

Kitu kitamu. Ungekuwepo Dar mwaka ule ungecheka. Sukari ilikuwa habari tu. Katika kantini yetu tulikunywa chai ya rangi isiyo na sukari, na mpishi alitutania kwamba tuikoroge kwa ulimi. Soda ilionekana harusini, chupa moja kwa meza. Duka la ushirika likipata gunia watu walipanga foleni tangu alfajiri wakiwa na kadi zao za mgao, na wa mwisho walirudi na vikapu vitupu. Nilijua nyumba moja tu yenye sukari, na nilijua ni ya nini.

Askari wa getini aliniuliza ninakwenda wapi saa ya kazi. Nilimwambia ni mambo ya wanawake, akatazama pembeni, nikapita. Nilikimbia Mnazi Mmoja mpaka Narung'ombe viatu mkononi, mwanamke mzima, wachuuzi wananipigia miluzi. Celina alikuwa uani akichambua mchele kwenye ungo.

"Mama Agnesi, nisaidie sukari."

Alicheka. "Leo umeota nini wewe?"

"Ile ya komunyo ya Agnesi. Kuna mtu kazini anakufa."

Ungo ukasimama. "Nani?"

"Siwezi kusema."

Celina alikuwa mke wa mtu asiyeweza kusema. Alikuwa amezoea miaka mingi kulishwa kimya, na niliona jinsi jibu langu lilivyompita usoni na kumchosha. Ile sukari aliikusanya kwa foleni zake mwenyewe, kidogo kidogo tangu kabla ya Krismasi, ili mtoto wake siku ya komunyo ya kwanza apate chai tamu na maandazi mbele ya watu. Nilidhani angenipimia vijiko. Aliingia ndani akatoka na kopo zima.

"Huyo naye ni mtoto wa mtu," akasema. "Nenda."

Niliporudi mlango wa ofisi ulikuwa wazi na Ndugu Sadalla alikuwa akiita maji. Sauti yake ilikuwa imepanda, mara ya kwanza na ya mwisho kuisikia hivyo. Melkiori alikuwa ameteleza kwenye kiti, shati limelowa, anasema maneno yasiyoshikana, ya Kichaga na ya programu, yamechanganyika. Kasmir alikoroga sukari kwenye kikombe kwa kidole, akapiga magoti, akamshika kichwa na kumnywesha kidogo kidogo, akimfuta kidevu. Ilichukua muda. Sote tulikuwa tumesimama, bohari la Mwanza na bohari la Tabora, hatuna la kufanya. Hatimaye Melkiori alifumbua macho, akatutazama mmoja mmoja, akauliza kama tepu imesomwa.

Sadalla aliamini kabisa. Nani angeigiza kitu kama kile? Akaamua, kwa kuwa kazi ya malori haikuwa imekwisha, dawa ibaki kabatini kwa muda, na kila asubuhi askari amkabidhi mwenyewe. Baadaye nafasi yake itaangaliwa upya. Basi kila asubuhi Melkiori alipokea kopo mbele ya askari, akamwita Kasmir waje wasomeane programu, wakafunga mlango. Ndiyo programu pekee iliyosomwa kimya pale kituoni.

Malori yalipangwa. Nisiseme tulishinda vita sisi, maana kompyuta haitengenezi giaboksi, na nusu ya magari tuliyoyapanga yalikuwa yameshakufa barabarani. Lakini matairi yalianza kufika yalikotakiwa, na wale maafisa wa asubuhi wakaacha kuuliza. Vita vilipokwisha watu wa Kariakoo walicheza ngoma barabarani. Melkiori alikuwa amelala juu ya meza, shavu kwenye karatasi, na hatukumwamsha.

Linaloniudhi mpaka leo ni la nyumbani kwake. Habari za mtu kuanguka kazini hazizuiliki na geti. Ilibidi amwambie Celina kitu, naye akamwambia lile lile alilomwambia Sadalla, kwamba ana ugonjwa wa sukari. Sukari yake ya komunyo ilikuwa imemwokoa mumewe, Celina akamshukuru Mungu, na hapo ndipo mateso yake yalipoanza. Shangazi yake alikufa kwa ugonjwa huo baada ya kukatwa mguu. Alimchemshia Melkiori mwarobaini asubuhi na jioni, chungu ya kufa mtu, naye akanywa. Alimchunguza vidole vya miguu kila akitoka kuoga. Alisali novena moja ikiisha anaanza nyingine, na Agnesi alikula komunyo yake kwa chai isiyo na sukari bila mama yake kujali. Wakati mwingine alikuja kwangu akalia kwenye mkeka wangu, akisema angalau angeambiwa amebakiza miaka mingapi. Nilimwomba Melkiori amwambie. "Nikimwambia mmoja nimewaambia wote," akanijibu. "Kasmir atafukuzwa." Alikuwa sahihi, na bado nilimkasirikia. Siri ya malori nilimwelewa. Ile hakupaswa kumnyima mkewe.

Mwaka uliofuata barua ikaja. Kwa kujali afya yake, Ndugu Melkiori anahamishiwa Tabora kwenye bohari la vifaa vya shule, kazi nyepesi. Hakukuwa na kompyuta Tabora. Aliisoma, akaikunja, akaendelea na kazi mpaka jioni. Nafasi yake alipewa Kasmir. Kabla ya kuondoka Melkiori alikwenda naye Upanga kwa familia moja ya Kihindi aliyoifahamu, wakakubaliwa kuweka dawa kwenye friji yao, ikisemwa ni ya mjomba mgonjwa.

Siku ya kuhama nilikwenda kumsaidia Celina kufunga mizigo. Melkiori alikuwa stesheni akiulizia behewa. Tulikuwa tunazungushia magodoro kamba Kasmir alipopiga hodi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Mwenzio hayupo, kaenda stesheni."

"Nimekuja kwako, mama."

Alimwambia yote, amesimama, mikono nyuma kama mwanafunzi. Kopo, ukaguzi, sindano. Mzee alimkataza, akasema, lakini hawezi kumwacha mama aende Tabora akidhani anakwenda kumzika mumewe huko. Celina hakuacha kuvuta kamba. Alipomaliza fundo alinigeukia mimi, na nikaitikia kwa kichwa.

"Kwa hiyo haumwi," akasema.

"Haumwi, mama."

Aliketi juu ya godoro. Nilitegemea afurahi, na nadhani Kasmir pia. Machozi yalikuwa yanamshuka, lakini uso haukuwa wa furaha.

"Kwa hiyo alikuwa radhi niwe mjane," akasema polepole. "Agnesi awe yatima. Ili mtoto wa watu asifukuzwe kazi. Halafu nimemchemshia mwarobaini mwaka mzima, na amekunywa huku ananitazama."

Kasmir alikuwa analia waziwazi, anasema nisamehe mama, nisamehe mama. Aliegemea mlango, na niliona vidole vyake vinatetemeka, jasho linamtoka kwenye paji la uso. Celina naye aliona. Alikuwa amemuuguza mgonjwa wa sukari mwaka mzima, dalili alizijua kuliko sote.

"Umejidunga leo?"

"Ndiyo, mama."

"Umekula?"

"Bado."

Alimtazama kwa hasira mpaka nikadhani atamfukuza. Kisha akainuka, akafungua fundo la kikapu cha vyombo alichokwisha kukifunga, akatoa sahani, akampakulia chakula cha mumewe.